Geuza Upande wa Pili: Namna ya Kutambua Mabizimu Asili ya Mikanda ya Askari wa Kijerumani

Mwaka wa kwanza nilipohamia Dortmund nilinunua bizimu la shaba kwenye soko la Jumapili la vitu vikuukuu. Bizimu ni lile chuma la mbele la kufungia mkanda, na hili lilikuwa na maandishi FURCHTLOS UND TREW, yaani la jeshi la ufalme wa Württemberg. Nilitoa euro 120 bila kupunguziwa hata senti. Kwa wiki tatu nilikuwa nalitoa kwenye boksi kila jioni nikilitazama.

Kisha nikamwonyesha jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa vyuma kabla ya kustaafu. Mzee yule hakulitazama usoni kabisa. Aliligeuza, akasogea dirishani, akaniwekea kidole mahali duara la katikati lilipolehemiwa. Pembeni mwa duara palikuwa na uzi mwembamba wa risasi ya kulehemu, mweupe, unang'aa kama umetoka kiwandani jana, na shaba iliyouzunguka ilikuwa imeiva rangi ya kahawia kwa miaka mia. Mwili wa bizimu ulikuwa wa kweli, wa Prussia, ufalme mkubwa kuliko yote wa Ujerumani ya wakati ule. Duara la Württemberg lilikuwa bandia, limebandikwa juu yake ili kitu cha bei ya kawaida kiuzwe kwa bei ya kitu adimu.

Tangu siku hiyo sinunui bizimu kabla sijaona mgongo wake. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya anayetaka kuanza kukusanya, au aliyeachiwa bizimu na marehemu babu yake na hajui ana nini mkononi.

Hatua ya 1: Jifunze sura kabla ya kuingia sokoni

Wajerumani huliita Koppelschloss. Prussia ililianzisha mwaka 1847: kisanduku bapa cha shaba, kinachovaliwa kwenye mkanda wa ngozi wenye upana wa milimita 45, na katikati yake duara lenye taji na maneno GOTT MIT UNS, "Mungu yu pamoja nasi". Lilikuwa la askari wa kawaida. Maofisa walivaa vitu vingine: kazini mkanda wenye bizimu la fremu tupu lenye meno mawili, kwenye gwaride mkanda wa kufumwa wenye bizimu la duara. Kwa hiyo mtu akikuambia kisanduku cha GOTT MIT UNS ni "cha jenerali", ujue hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Ujerumani ya Kaisari ilikuwa muungano wa falme na tawala nyingine ndogo, na baadhi zilibaki na maandishi yao. Bavaria waliandika IN TREUE FEST, "imara katika uaminifu". Saksonia walitumia Kilatini, PROVIDENTIAE MEMOR, kwa maana ya kuyakumbuka majaliwa ya Mungu. Württemberg ni hilo lililoniponza, "bila woga na mwaminifu". Hessen waliandika GOTT EHRE VATERLAND, "Mungu, heshima, nchi ya baba". Ya Prussia ndiyo mengi kuliko yote kwa sababu jeshi lao ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na ndiyo maana wadanganyifu huchukua ya Prussia wakayageuza kuwa ya wengine.

Mwaka 1915 ndio mwaka wa kuukariri. Shaba ilikuwa inahitajika kwa maganda ya risasi na makombora, meli za Uingereza zilikuwa zimeziba njia za bahari, na Ujerumani ikaanza kutengeneza mabizimu kwa bati la chuma na kuyapaka rangi ya kijivu-kijani ya uwanja wa vita, feldgrau. Kwa hiyo la shaba lenye duara jeupe la katikati ni la mtindo wa kabla ya upungufu. La chuma lililopakwa rangi ni la kuanzia 1915. Hilo duara jeupe, tuseme pia, si fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaong'aa kama fedha.

Kaisari alipoondoka mwaka 1918 taji nalo liliondoka. Jeshi la jamhuri liliweka tai likaacha maneno yaleyale. Mwaka 1936 jeshi la nchi kavu la utawala wa Hitler lilipata sura yake: tai aliyesimama na mabawa yaliyoshuka, ameshika swastika, maneno GOTT MIT UNS juu na shada la majani chini. Jeshi la anga halikuandika neno lolote; lina tai anayeruka ndani ya shada. Jeshi la maji lilitumia sura ya nchi kavu kwa rangi ya dhahabu. Polisi waliandika GOTT MIT UNS kuizunguka swastika. SS, kikosi cha chama cha Nazi, waliandika MEINE EHRE HEISST TREUE, "heshima yangu ni uaminifu", na vijana wa Hitler BLUT UND EHRE, "damu na heshima".

Mwanzoni mwa kipindi hicho mengi yalikuwa ya alumini, uso wake una vipele vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa. Vita vilipopamba moto alumini ikaenda kwenye ndege, na mabizimu yakarudi kwenye chuma, uso laini, rangi ya kijivu-kijani kwa nchi kavu na kijivu-buluu kwa anga. Ni hadithi ya 1915 ikijirudia.

Yajue pia yale yasiyo ya vita. Jeshi la Ujerumani Magharibi tangu 1962 lina EINIGKEIT UND RECHT UND FREIHEIT, "umoja na haki na uhuru". Jeshi la Ujerumani Mashariki lina nyundo na bikari ndani ya shada la ngano. Haya ni halali kabisa kuyakusanya na bei yake ni ndogo, ila nimeyaona mara nyingi yamewekwa pamoja na ya vita, kwa bei ya vita.

Hatua ya 2: Pima hadithi kabla ya kupima chuma

Kila bizimu huja na hadithi. Sikiliza, kisha iulize tarehe.

Likizo moja, kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania, muuzaji wa vinyago alinitolea bizimu lililofungwa kwenye kitambaa. Akaniambia limeokotwa kwenye uwanja wa Mapigano ya Tanga. Mapigano ya Tanga yalikuwa tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Bizimu lilikuwa na tai na swastika. Kitu kilichobuniwa mwaka 1936 hakiwezi kuangushwa na mtu mwaka 1914. Sikumlaumu sana kijana wa watu, huenda naye aliuziwa hivyohivyo, lakini nilimweleza, na akanisikiliza.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hatua hii ina uzito wake, kwa sababu vita vya 1914 hadi 1918 vilipita kwenye mashamba ya wazee wetu. Jeshi la Kijerumani la hapa, Schutztruppe, lilianza vita likiwa na Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Baada ya hapo bahari ilizibwa. Meli mbili tu za mizigo ya kijeshi ziliwahi kupenya: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga Aprili 1915, na Marie, iliyofika Sudi Machi 1916. Ndege-puto L 59 ilitumwa kutoka Bulgaria mwezi Novemba 1917 ikiwa imejaa vifaa, ikafika juu ya Sudan ikageuza. Na mwaka 1916, Tabora walikuwa wanapiga sarafu za heller 20 kwa shaba chakavu kwa sababu fedha kutoka Ulaya haziji. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, aliweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na kufikia hapo watu wake walikuwa wanatumia kwa wingi silaha na vifaa walivyowateka Waingereza na Wareno.

Sasa unganisha hayo na mwaka 1915. Bizimu la shaba la Prussia likisemwa limetoka kwenye viwanja vya mapigano vya Taveta au Mahiwa, hadithi inasimama. La chuma lenye rangi ya feldgrau, ambalo lilianza kutengenezwa Ujerumani wakati njia ya kulileta imeshafungwa, ni gumu zaidi kuaminika. Lingelazimika kuja na moja ya zile meli mbili. Haimaanishi haiwezekani. Inamaanisha muuzaji anapaswa kukupa kitu zaidi ya maneno.

Hatua ya 3: Sumaku, rula na mzani

Beba sumaku ndogo mfukoni, ile ya kubandika kwenye friji inatosha. La chuma litanasa. La shaba na la alumini havinasi. Ukiambiwa ni alumini ya 1937 na sumaku ikang'ang'ania, mazungumzo yamekwisha.

Kisha pima. Kwa kawaida kisanduku cha askari kina upana wa karibu milimita 64 na kimo cha karibu milimita 48, viwanda vikitofautiana kidogo. Kipimo chenyewe si hukumu. Kinachosaidia ni kulinganisha na jingine la kiwanda hichohicho unalolijua kuwa la kweli. Nakala nyingi za bei rahisi hazikupigwa kwa mashine bali zimesubiwa: mtu alichukua bizimu la kweli, akatengeneza kalibu juu yake, akamimina madini yaliyoyeyuka. Madini yakipoa husinyaa. Kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, na huku ni ndogo huwa nzito, kwa sababu ukuta wa kusubu hauwezi kuwa mwembamba kama bati. Mkono huujua uzito huo kabla ya mzani. Ukishashika kumi ya kweli, la kusubu litakulemea kiganjani kama kufuli.

Hatua ya 4: Geuza

Hapa ndipo pa kukaa. Uso wa mbele ndio unaouza, kwa hiyo mdanganyifu hutumia nguvu zake zote mbele. Mgongoni huchoka.

Elewa kwanza lilivyotengenezwa. Bati la chuma au alumini liliwekwa kati ya kalibu mbili za chuma kigumu, mashine ikalikandamiza kwa kishindo kimoja kizito. Bati lina unene ule ule pande zote, kwa hiyo kila kilichotokeza mbele kimebonyea nyuma. Kwenye bizimu la kipande kimoja lazima uone nyuma kivuli cha tai au taji, kimegeuka kama kwenye kioo, herufi zikisomeka kinyumenyume, kwa mikunjo ya mviringo iliyo laini. Mgongo ukiwa bapa, au una vishimo vidogo kama maandazi yaliyotoboka, lile ni la kusubu. Tafuta pia mstari wa maungio ya kalibu kwenye ukingo. Bati lililokandamizwa halina mstari huo.

Ya vipande viwili, ambayo mwili wake ni wa shaba na duara limelehemiwa juu, yana sheria nyingine. Pale nyuma hutarajii kivuli cha taji. Unachotazama ni ile lehemu. Lehemu ya kale imefifia, ni ya kijivu kama majivu, na uchafu uliojikusanya kwenye kona zake umeganda. Pitisha lenzi kuzunguka duara lote. Mahali palipopashwa moto upya shaba hubadilika rangi, huwa na wekundu au upinde wa rangi kama mafuta juu ya maji, na alama hiyo haifutiki kirahisi. Kama ningekuwa nimefanya hivi pale sokoni, dakika mbili tu, ningekuwa na euro 120 zangu.

Sasa vyuma vya kushikia. Upande mmoja kuna kikamatio ambacho kulabu ya mwisho wa mkanda huingia. Upande wa pili kuna ufito wenye meno mawili yanayoingia kwenye matundu ya ulimi wa ndani wa mkanda. Meno hayo yanapaswa kuzunguka kwenye ufito bila kukwama na bila kulegea ovyo. Angalia ncha zake: kwenye bizimu lililovaliwa, ncha na ule upande wa chini wa ufito vimesuguliwa na ngozi vikawa laini, na kikamatio kina mchubuko mahali hasa kulabu ilipokaa. Uchakavu una anwani. Nikikuta uso wa mbele umechakaa kama umepita mapigano ya Verdun na kikamatio hakina hata mkwaruzo, nalirudisha mezani.

Baada ya hapo, alama za kiwanda. Sehemu kubwa ya mabizimu yalitoka eneo moja la milima la Sauerland, hasa mji wa Lüdenscheid, si mbali na ninapoishi, mji uliokuwa ukijulikana kwa vifungo vya nguo na vyuma vidogo vidogo. Overhoff & Cie, Berg & Nolte, Richard Sieper & Söhne, Assmann, Noelle & Hueck, wote ni wa Lüdenscheid. Wengine walikuwa mbali: Hermann Aurich wa Dresden, Gustav Brehmer wa Markneukirchen. Alama inaweza kuwa jina zima, herufi chache, au nembo ndogo, na mara nyingi imepigwa mgongoni au imo ndani ya kalibu yenyewe. Kuanzia katikati ya vita vya pili majina yakaanza kupisha namba ndefu za viwanda zinazoanza na sifuri na mkwaju, kwa sababu serikali ilitaka adui asijue kiwanda kiko wapi. Kwa hiyo namba ya aina hiyo kwenye bizimu la alumini la mtindo wa mwanzo inapingana na wakati wake.

Lakini alama peke yake isikupumbaze. Kupiga herufi mbili kwenye bati ni kazi ya nyundo moja. Kinachobana zaidi ni kalibu. Kila kiwanda kilichonga kalibu zake, na kila kalibu ilikuwa na tabia yake: idadi ya manyoya kwenye bawa, umbo la lulu za taji, mguu wa herufi R, mstari mdogo wa ufa uliotokea kalibu ilipochoka na ukanakiliwa kwenye kila bizimu lililofuata. Bizimu lenye alama ya kiwanda fulani lazima liwe na manyoya ya kiwanda hicho. Piga picha za karibu za yale unayoyaona kwenye makumbusho na kwenye minada mikubwa yenye sifa, uziweke kwa jina la kiwanda. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kamusi yako ambayo hakuna wa kukuuzia.

Ukikuta namba zimepigwa kwa mkono, furahi polepole. Askari na maghala ya vikosi walitia alama: namba ya rejimenti ikifuatana na R, namba ya kombania, na kwenye vita vya kwanza herufi B.A. za ghala la mavazi zikifuatwa na namba ya kikosi kikuu cha jeshi (Armeekorps) kwa tarakimu za Kirumi. Alama ya kweli imeingia chini ya uchafu na rangi imechakaa juu ya kingo zake. Alama mpya inakata uchafu, na ndani yake chuma kinang'aa.

Hatua ya 5: Ulimi wa ngozi

Mabizimu mengi yana kipande cha ngozi kilichozungushwa kwenye ufito na kushonwa. Hapo ndipo viwanda vilipenda kupiga muhuri wa jina, mji na mwaka. Kadiri vita vya pili vilivyoendelea, ngozi ikaadimika, na mengi ya mwishoni hayana ulimi kabisa. Kukosa ulimi si kasoro.

Lete taa upande, mwanga uje mlalo. Nina moja la chuma ambalo kwa mwanga wa kawaida ulimi wake ni ngozi nyeusi tupu, imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Nilipoiweka taa ya meza usawa wa meza yenyewe, herufi zikainuka: BERG & NOLTE, kisha LÜDENSCHEID, na chini 1941, ile 4 ikiwa imekatwa nusu na mshono. Mshonaji alishona juu ya muhuri. Hiyo nusu ya 4 ndiyo iliyonipa imani kuliko jina lenyewe, kwa sababu inaonyesha ulimi ulipigwa muhuri kwanza kisha ukafungwa hapo kiwandani.

Angalia uzi. Uzi wa asili ni wa pamba au kitani. Taa ndogo ya urujuanimno, ile ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, itakusaidia: nyuzi nyingi za kisasa za plastiki, na nyingi zilizotiwa kemikali za kung'arisha, huwaka buluu-nyeupe gizani. Uzi wa kale kwa kawaida hubaki umefifia. Si ushahidi wa mwisho, maana uzi wa kale uliooshwa kwa sabuni ya leo nao huwaka kidogo, ila ukiona unawaka kama taa ya disko basi ulimi umeshonwa majuzi. Angalia pia kama matundu ya sindano yamekaza uzi, na kama kutu ya ufito imeingia kwenye ngozi pale vinapogusana. Chuma na ngozi vikilala pamoja miaka themanini huachiana alama.

Hatua ya 6: Rangi na kutu

Rangi ya kweli huanza kutoka pale panapoguswa: kingo, kifua cha tai, herufi za juu. Kwenye mabonde hubaki. Rangi mpya iliyopakwa juu ya bizimu la kale hujaza mabonde hayo, herufi zinakuwa kama zimelambwa na uji. Ukiona rangi juu ya kutu, imepakwa baadaye, hakuna mjadala.

Kutu ya zamani ni ya kahawia iliyokolea, ngumu, imekaa. Kutu ya tindikali au chumvi ni ya rangi ya chungwa, ni unga, inakuachia kidole kichafu, tena imeenea sawasawa kila mahali kana kwamba kitu kizima kilichovywa. Kweli kilichovywa. Nusa pia: siki, rangi ya viatu na moshi ni harufu za karakana.

Hatua ya 7: Anza na yale ya kawaida, nunua kwa anayerudisha pesa

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: nunua moja la chuma la Prussia la vita vya kwanza, na moja la chuma la jeshi la nchi kavu la vita vya pili. Yalitengenezwa kwa wingi, bei yake inavumilika, na nakala zake hazina faida kubwa kwa mdanganyifu. Yashike kila siku mpaka vidole vikariri. Ya SS yaache. Ndiyo yanayoigwa kuliko yote, baadhi kwa mashine nzuri za kukandamiza, na hata wazoefu hubishana juu yake. Tena pana watu wanaoyatafuta kwa mapenzi ya kile yalichosimamia, na mimi sitaki kukaa nao meza moja. Kuyatunza haya mavyuma kama ushahidi wa vita ni kazi ya heshima. Kuyavaa ni kuwatukana waliouawa.

Mwulize muuzaji swali moja: nikilipeleka kwa mjuzi akasema si la kweli, utanirudishia? Anayejiamini ataandika kwenye risiti. Anayeanza kukueleza habari za babu yake, mwage.

Sheria nayo ijue kabla ya kusafiri. Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi, isipokuwa kwa mambo kama elimu, utafiti na historia. Ndiyo maana sokoni utaona swastika zimefunikwa kwa kibandiko. Austria nao ni wakali. Majukwaa makubwa ya mnada mtandaoni mengi hayaruhusu vitu vyenye alama hizo. Ya vita vya kwanza, yenye taji, hayana mgogoro huo.

Nyumbani, usichimbe. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kabla ya kuinua jembe kwenye mahandaki ya Taita au kando ya reli ya kati, nenda ukaulize wahusika. Mabomu ya vita vile yanaweza kuwa bado hai. Na Ulaya Mashariki kuna watu wanaochimba usiku makaburi ya askari wapate cha kuuza, wanatupa mifupa na kile kibati cha utambulisho ambacho kingeweza kumrudishia marehemu jina lake. Bizimu lenye udongo mbichi na hadithi fupi, mimi silinunui hata liwe zuri namna gani.

Hatua ya 8: Tunza, na andika

Usisugue. Dawa za kung'arishia shaba huondoa kwa dakika tano kile kilichojengwa na miaka mia, na pamoja nacho nusu ya thamani. Brashi laini, kavu, ya kupigia vumbi inatosha. Kwenye chuma, nta nyembamba iliyofutwa vizuri huzuia unyevu. Ngozi usiipake mafuta ya kupikia wala ya viatu: mafuta yakikutana na shaba huzaa ule ute wa kijani unaokula chuma taratibu. Ukiukuta, uondoe kwa kijiti cha kuchokolea meno, si kwa kisu.

Kwa walio Mombasa, Tanga au Dar, adui mkubwa ni hewa ya chumvi. Weka kila bizimu kwenye karatasi isiyo na asidi ndani ya chombo kinachofunga vizuri, na utumbukize vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Vibadilishe mara kwa mara. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu, inatoa mvuke unaoharibu.

Kisha daftari. Kwa kila moja andika tarehe uliyolipata, mahali, bei, alivyosema muuzaji kwa maneno yake, vipimo, alama zote hata zile usizozielewa, na picha nne: mbele, nyuma, ulimi kwa mwanga wa mlalo, na kikamatio kwa karibu. Kama lilitoka kwa familia, andika jina la aliyelivaa kama wenyewe wameridhia, na kikosi chake. Daftari langu linaanza na lile la Württemberg. Picha ya lehemu yake nimeibandika ukurasa wa kwanza, na bizimu lenyewe ninalo bado. Nikienda sokoni na mtu mgeni wa kazi hii huwa namshikisha hilo kwanza, namwambia aligeuze aniambie anaona nini.